Enduru Niliyoipiga kwa Simu

Mwanangu Koku,

Jumanne mchana niliambiwa kwamba umekufa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya jiko, nimenyoosha huu mguu wangu mbovu, na wewe ulikuwa hatua nne mbele yangu, unamenya ndizi na kumlalamikia mama yako kwamba kisu hakikati. Simu ikalia mlio wa ujumbe. Nikausoma mara ya kwanza, nikausoma tena, kisha nikainua macho kukutazama. Picha ni yako. Ile ya kipaimara, umevaa gauni jeupe na umeshika Biblia ya bibi yako. Chini yake wameandika kwamba yule binti wa Kyerwa aliyepotea chuoni Mwanza amepatikana, amekufa, na maiti yake imetambuliwa na baba yake mzazi.

Baba mzazi, Koku. Ndiye mimi, nimekaa hapo hapo nasubiri chakula!

Mpaka leo, siku ya nne, bado nimeduwaa. Nilifikiri nikufiche. Halafu nikaona utakwenda kuonyeshwa na mtu mwingine, pengine ndani ya basi, na ni heri uisikie kwangu maana aliyeianzisha ni mimi. Sasa hivi wewe na mama yako mmekwenda kumuaga bibi, nami nimebaki na daftari hili la kumbukumbu za kahawa, nimechana karatasi za katikati. Habari za mashuka, sabuni na kufunga begi vizuri sitazigusa, mama yako anakwambia tangu juzi na nadhani ataendelea mpaka basi liondoke Kayanga. Mimi nataka kukwambia nilichokifanya. Unajua matokeo yake, lakini sijawahi kukaa nikakueleza mwenyewe, kwa utaratibu, bila kupandisha sauti.

Ulipiga simu Jumamosi ile, kabla ya mitihani yako ya kwanza. Nilikuwa kwenye kibanja, napunguza majani ya migomba, nikakaa chini kupokea. Ukaniamkia, ukaniuliza mguu. Kisha ukasema, nakumbuka sasa maana umenirudishia maneno hayo mara nyingi ukiwa na hasira, "Baba, wiki mbili hizi za mitihani natoka kwenye mitandao yote. Nimefuta kila kitu kwenye simu. Mchana nitakuwa nimezima kabisa, nitawasha saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja. Mkinihitaji mpige muda huo, simu ya kawaida tu." Mimi nikajibu, "Sawa, sawa mwanangu, Mungu akusaidie."

Koku, sikusikia hata neno moja. Nilikuwa nimekuweka kwenye spika, na kwa kidole nilikuwa natazama video ya mtu anayemfundisha nyani kuendesha baiskeli. Ndiyo ukweli wenyewe. Mtoto wangu ananiambia jambo la maana, nami namtazama nyani. Nilijibu sawa kama ninavyojibu sawa siku zote, kwa sababu sauti yako ilikuwa imefika mwisho wa sentensi.

Jumatatu nikakutumia salamu za asubuhi, zile zenye maua. Tiki moja. Nikakutumia mahubiri, tiki moja. Jumanne nikakutumia picha ya ndama aliyezaliwa, nikasema hii lazima atajibu, na bado tiki ikabaki moja, ya kijivu. Nikakuandikia, "Koku mbona kimya?" Nikakurekodia sauti tano, ya mwisho nilikuwa nafoka. Jumatano saa nne asubuhi nikapiga, mama yule wa mtandao akaniambia namba haipatikani. Nikapiga tena, hivyo hivyo. Nikakaa kwenye jiwe pale karibu na mti wa kahawa wa babu yako.

Mama yako alikuwa Nkwenda sokoni. Kama angekuwepo angeniambia, "Si alisema jioni?" Maana yeye alikuwa amesimama nyuma yangu siku ile ya simu, alisikia kila kitu. Lakini sikumngoja. Wiki hiyo hiyo kwenye magrupu kulikuwa na maneno mengi ya wasichana wanaochukuliwa vyuoni, hakuna aliyejua ni wapi wala ni nani, nami nilikuwa nimeyasambaza yote bila kuuliza. Kwa hiyo hofu ilikuta nyumba imeshafagiliwa. Nikatafuta picha yako nzuri kuliko zote, nikaiweka kwenye grupu la ukoo, la kanisa, la wakulima wa kahawa na la wazazi wa shule yako ya zamani. Nikaandika kwa herufi kubwa: ENDURU! BINTI YANGU AMEPOTEA CHUONI. SAMBAZA.

Nyinyi watoto wa sasa enduru mnaisikia kwenye hadithi, na huko Mwanza hawaijui kabisa. Acha nikueleze ile niliyoijua mimi.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Shangazi yako Adventina, huyu huyu wa Murongo, alikuwa na sita. Alitumwa kuchota maji akachelewa, jua likaanza kugeuka, na bibi yako akatoka nje, akasimama katikati ya uwanja wa nyumba, akaweka kiganja mdomoni, akapiga ile sauti ya kuita msaada. Uuuuu! Mlima mzima ukajibu. Watu waliacha majembe, waliacha pombe yao ya rubisi, wakaja na mapanga na fimbo, hata mzee mmoja aliyekuwa haongei na baba kwa ajili ya mpaka wa shamba akaja anakimbia. Wakatawanyika kwenye migomba. Baada ya muda wakamkuta shangazi yako amelala juu ya nyasi zilizokatwa za kutandika ndani ya nyumba, ndoo pembeni, anakoroma.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho nilichokisahau. Bibi yako hakutoka pale uwanjani. Mtu akipiga enduru haondoki mahali alipoipigia. Alimsimamisha Adventina mbele yake, akamshika mabega, na kila mtu aliyefika, hata wale waliotoka mlima wa pili wakachelewa, alimwambia kwa mdomo wake, "Yupo, huyu hapa, mumwone." Wakamwona. Wakamtania usingizi wake. Wakatafuna punje za kahawa za ukaribisho, wakashukuru, wakarudi kwao. Mpaka ndizi zinaiva jikoni, jambo lilikuwa limekwisha. Hakuna aliyekwenda na habari nusu nyumbani kwake.

Mimi nilipiga kelele ile ile nikiwa sina uwanja. Nilitegemea watu waje, na kweli walikuja, lakini walikuja wapi? Kila mmoja alichukua picha yako akaondoka nayo njia yake. Simu iliwaka moto mkononi. "Pole sana Ta Projestus." "Tunaomba." "Nimesambaza kwenye magrupu saba." Na hapa, mwanangu, nakuambia kitu ambacho sijamwambia hata mama yako, nacho kinanitia aibu kuliko nyani. Katikati ya hofu yangu yote, nilikuwa nahesabu majibu. Watu ambao huwa hawanijibu salamu zangu za maua siku hiyo walinijibu. Mwalimu mkuu mstaafu aliniandikia. Nilijiona mtu mkubwa. Mtoto wangu amepotea, naamini amepotea, na kuna kona ndani yangu inafurahi kuonekana. Nilipoigundua ile kona nilishtuka kuliko nilivyoshtuka Jumanne hii.

Adventina aliacha vitenge vyake mezani kule Murongo akaenda kusimama mpakani, anachungulia kila gari linalovuka kwenda Uganda. Akamwonyesha kijana wa bodaboda picha yako. Kijana wa watu, kwa kutaka kusaidia, akasema, "Shangazi, kama huyu kama siye, kuna mmoja juzi nilimwona na dereva wa lori." Kama huyu kama siye! Saa hiyo hiyo ikaandikwa kwamba umeonekana, umevuka, uko na mwanamume. Mwingine akaongeza kwamba una mimba. Watu wa kanisani kwetu, waliokufundisha nyimbo, walikuwa wanajadili mimba yako saa sita mchana wakati wewe umekaa kwenye kiti chako unaandika mtihani wa pili.

Mengine unayajua wewe. Mlezi wa hosteli aliletewa picha na watu wengi mpaka akakufuata kwenye chumba cha mtihani, naye simlaumu, angefanyaje? Ulitolewa nje kalamu iko mkononi. Ukapewa simu yake, ukasikia sauti yangu inalia, ukasema, "Shikamoo baba. Kuna nini? Nani amekufa?" Nilisema tu, "Uko wapi?" Ukasema, "Niko chuoni baba. Niko kwenye mtihani. Nilikwambia."

Nilikwambia. Neno hilo limekaa kifuani kwangu.

Ule mtihani hukuumaliza. Uliporudi ndani wenzako walikuwa wanakutazama tumbo. Ukamalizia mingine ukiwa hulali, ukarudi nyumbani, ukaweka begi chini ya kitanda na ukasema hurudi Mwanza. Wiki tatu hukutaka hata kwenda kanisani. Hukunifokea. Laiti ungenifokea. Ulikuwa unaniamkia asubuhi, unaniwekea maji ya kunawa, na kila nikishika simu unatoka chumbani.

Nilijaribu kuifuta enduru yangu. Nilifuta kwenye magrupu yote manne, nikaona nimetengeneza. Kesho yake ikanirudia kutoka kwa mtu wa Ngara. Basi nikaamua kufanya alivyofanya bibi yako, ingawa kwa kuchelewa. Jumapili nilisimama kanisani baada ya matangazo, nikasema enduru niliyopiga ilikuwa ya uongo, mtoto alikuwa shuleni na aliniaga, mimi sikumsikiliza. Nikasema na habari ya nyani. Watu walicheka, nami niliwaacha wacheke. Kisha nikapanda bodaboda nikaenda kwa wote niliojua wamesambaza, Bugomora nzima, Murongo, mpaka Ndama kwa wajomba zako. Kila nyumba nilipewa kahawa ya kutafuna, nikapewa pole, na nyumba tatu au nne, sikudanganyi, mwenye nyumba alipomaliza kunipa pole alitoa simu yake akasema, "Lakini Ta Projestus, hebu tazama hii nimetumiwa leo."

Ndipo nikamwambia mama yako aifiche simu yangu. Nilisema wiki mbili, kama wewe, nione ulikuwa unatafuta nini huko. Akaizika ndani ya pipa la maharage. Akaniambia, "Wewe ambaye hata ng'ombe akikohoa unaandika, tutaona." Akanibakishia ile ndogo ya tochi ya kupiga na kupokea.

Siku ya kwanza mkono wangu ulikwenda mfuko wa shati labda mara mia. Nikiwa juu ya ngazi nakata tawi la kahawa, mkono huo, mfukoni. Nikiwa chooni, mkono huo. Nilikuwa mkali, nilimfokea mbuzi. Siku ya tatu nikiwa nimekaa kwenye benchi nikasikia mtu anakohoa jikoni. Nikamwita mama yako, "Tangu lini unakohoa hivyo?" Akatoka na mwiko mkononi, akanitazama kama mgeni. "Tangu Krismasi." Hii ilikuwa ni Machi, Koku! Nimelala naye kitanda kimoja. Ulikuwepo siku tulipokwenda zahanati, wakasema kifua kimeingia baridi, akapewa dawa, sasa ana nafuu. Lakini ulidhani ni yeye aliyelalamika. Hakulalamika. Ni mimi niliyesikia, baada ya miezi mitatu.

Ndipo nikaelewa ulichokuwa unaniambia ile Jumamosi. Ulikuwa hunikimbii. Uliniambia siku ile tulipokaa tunachambua maharage, kwamba siku mbili za mwanzo uliona kama umesahau kitu jikoni motoni, na siku ya tatu ulisoma kurasa ishirini bila kuinua kichwa, ukashangaa ni saa ngapi. Kwamba ulilala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu ufike chuo. Siku tatu ndizo ulizopata. Ya nne niliichukua mimi.

Sikuandikii ili nikwambie simu ni mbaya. Ningekuwa na uso gani? Wiki mbili zilipoisha niliifukua kwenye maharage mwenyewe, tena kwa haraka. Nimetoka kwenye magrupu mawili, mawili nimebaki, na la wakulima nalihitaji kwa bei na mvua. Nakwambia tu kwamba mtu anayejua kuzima, na kuaga kabla ya kuzima, na kusema atawasha saa ngapi, huyo ni mtu mzima. Ulifanya yote matatu. Mtoto siku ile alikuwa mimi.

Jana wakati wa chakula uliniuliza, "Baba, nikifika Mwanza nitazima tena wiki mbili, mpaka niurudie ule mtihani. Safari hii umesikia?" Mama yako akaacha kutafuna. Nikaitikia kwa kichwa tu, ukadhani ni ile sawa yangu ya zamani, nilikuona usoni. Haikuwa hiyo. Nilikuwa nawaza jambo la Jumanne, ambalo ulikuwa hujui. Sasa nalimalizia.

Niliposoma kwamba umekufa, niliandika haraka: "Uongo! Mimi ndiye baba yake. Mwanangu yuko hai, yuko mbele yangu anamenya ndizi." Nikadhani wataomba radhi. Mtu nisiyemjua, kwenye grupu ambalo hata sijui niliingizwa na nani, akanijibu, "Mzee, wengi wanajifanya baba. Tuma picha yake ya leo tuamini." Wengine wakadakia. "Ndiyo, picha." "Picha mzee." "Kama yuko hai aonekane."

Na mimi, baada ya yote haya, baada ya kanisani, baada ya maharage, niliinua simu nikakuelekezea.

Bila shaka unakumbuka. Uliinua macho ukaona kamera. Ulivuta kanga ukajifunika uso, mkono mmoja bado umeshika ndizi iliyomenywa nusu, ukakaa hivyo hivyo, unangoja nimalize. Kama mtu aliyezoea. Nikaishusha. Kisha ukachungulia kwa jicho moja, ukaona simu iko chini kwenye majani, ukaendelea kumenya.

Hawajapata picha. Kwa hiyo kwa watu wale, ambao sijui ni wangapi wala wako wapi, wewe umekufa, na mimi ni mzee mwongo aliyejifanya baba. Ningeweza kukufufua kwa kubonyeza mara moja. Niliona ni heri ufe kwenye simu zao kuliko kukufanya ujifunike uso mara ya pili nyumbani kwako.

Nenda, mwanangu. Zima. Mimi nitapiga saa kumi na mbili jioni, kwa ile ndogo ya tochi, na ukiwa umechoka usipokee, nitajua umechoka. Mtu yeyote akija hapa kuuliza kama ni kweli umekufa, atanikuta uwanjani, mahali pa kusimama mwenye enduru. Nitamwambia kwa mdomo, yupo. Akitaka kukuona, angoje likizo.

Nasikia sauti zenu njiani, unamcheka mama yako. Nakunja karatasi.

Baba yako,
Projestus